Jamu ya Kura

Matunda damu hayana adabu. Unayatazama mtini miezi mizima yakiwa magumu, halafu wiki moja yanaamua kuiva yote kwa pamoja, na wewe uache shughuli zako. Nina miti sita nyuma ya nyumba hapa Kimbo. Mwaka huu nilimenya, nikachuja mbegu, nikachemsha na sukari, mpaka mume wangu akaanza kwenda kunywa chai hotelini kwa sababu hakuna sufuria iliyokuwa na nafasi.

Siku ya mwisho ya kupika, mama mkwe alikuja kutoka Witeithie kunisaidia. Tunamwita Mami. Alijifunza kuandika uzeeni, kwenye masomo ya ngumbaru, na tangu hapo karatasi tupu haipiti mbele yake salama. Nikampa stika na kalamu nene. Rafu yangu moja hubeba jamu pamoja na maharagwe ya mbegu ninayohifadhi kwa majivu katika chupa kama hizo, na mwaka jana shemeji yangu alichukua ya mbegu akayapika. Kwa hiyo nilimwambia Mami aandike kwenye kila chupa: hizi ya kupanda, zile ya kula.

Alijaza chupa ishirini za jamu kwa herufi zilizonyooka kuliko zangu: YA KURA. Nilizisoma zote. Mimi ni mzaliwa wa Kamenu, na nyumbani kwetu r na l ni majirani wanaoingiliana bila kubisha hodi. Jicho liliona kura, sikio likasikia kula, nami nikashukuru kwamba msimu umeisha.

Kila mwaka nikimaliza, huwapelekea akina mama wa kanisani chupa moja moja. Nikafanya hivyo tena. Ila Jumapili iliyofuata tulikuwa tunamchagua mwenyekiti wa kikundi chetu, na mimi nilikuwa mgombea. Nilikitaka kiti hicho, sitajifanya. Nilikuwa nimekaa naibu miaka sita, kazi yangu kupanga viti vya wengine kukalia.

Siku yenyewe, kabla hatujapiga kura, mpinzani wangu alisimama. Ni jirani aliyehamia kutoka magharibi. R yake ni r na l yake ni l. Aliweka chupa mezani. Ilikuwa tupu na imeoshwa vizuri, maana jamu alikuwa ameshaimaliza.

“Mimi nauliza tu,” akasema. “Hii imeandikwa ya kura. Tumehongwa ama?”

Nusu ya ukumbi haikuona tatizo. “Si ni ya kura tu,” mama mmoja akamweleza kwa upole. “Unapaka kwa mkate.”

Nusu nyingine ilianza kuchekea ndani ya leso. Mwenyekiti aliyekuwa anaondoka madarakani akauliza ni nani aliyeandika.

Jibu lilikuwa mdomoni. Sentensi moja tu, ukumbi ungecheka, nami ningepata kiti. Lakini Mami alikuwa ameketi kando yangu. Alikuwa amekuja kumshuhudia mke wa mwanawe akichaguliwa, na aliitazama ile stika kwa fahari. Niliwaza kicheko kile kikimgeukia yeye, sikuweza.

“Ni mimi,” nikasema.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Kuhusu mchelea mama mkwe hawakusema lolote. Nilipata mikono minne, mmoja ukiwa wa Mami, ambaye hata si mwanachama.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye akitazama chini, mimi nikidhani ananihurumia. Nilikuwa na uchungu, lakini pia nilijiona mtu mwema sana. Nikamtilia chai, nikampakia mkate jamu. Hakuugusa.

“Mami, kuna nini?”

“Kwa nini uriwaambia ni wewe uriandika?” akasema. “Mbere ya kanisa mzima. Ire mwandiko ni yangu.”

Nikaomba msamaha. Akaivuta ile chupa ya jamu, akaomba kalamu, na chini ya YA KURA akaandika jina lake lote, polepole, herufi kwa herufi. Kisha akaniagiza nimletee zote zilizobaki.