Filta Mpya na Safari ya Lukafu

Filta ile niliinunua mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha. Muuza vipuri wa mjini aliniambia gari litapumua vizuri, litapanda milima bila kulalamika na litakunywa mafuta kidogo. Mimi ni mwalimu wa hesabu, kila siku nawakatalia wanafunzi jibu lisilo na uthibitisho, lakini siku hiyo nilimwamini mtu kwa sababu filta yake ilikuwa nyekundu na inang'aa. Nikaling'oa sanduku jeusi la plastiki lililokuja na gari kutoka Japani, nikafunga bomba jipya, na mwisho wa bomba nikaibana filta yenyewe, iliyo wazi pande zote. Kazi hiyo naiweza. Baba yangu aliendesha malori ya mgodi Kambove, na alinifundisha kushika spana kabla mama hajanifundisha kusuka nywele.

Kwa siku kadhaa gari lilikwenda vizuri, likinguruma hata jirani akaniuliza kama nimeingia kwenye mashindano. Kisha binamu yangu akapiga simu kutoka Lukafu. Mama yake, dada mkubwa wa baba na ndugu pekee aliyebaki naye duniani, alikuwa ameanza kusahau nyuso za watu. Jina la baba bado alikuwa analitaja, lakini binamu alituomba tusikawie.

Baba anaishi nami tangu macho yake yaanze kuingia ukungu. Alisikiliza habari ile akiwa amesimama.

"Twende, mama," akaniambia. Mama ndilo jina analoniita tangu utotoni. "Twende yaya angali ananijua." Yaya ndivyo anavyomwita dada yake huyo.

Jumamosi asubuhi tuliondoka, baba akiwa amevaa koti lake la misa. Hatukufika mbali. Tulipopita Naviundu, pembezoni mwa mji, gari lilianza kukohoa. Nikikanyaga mafuta, linasita, linaruka, halafu linataka kuzima. Moshi mweusi ukatoka nyuma, taa ya injini ikawaka, na watu wa kando ya barabara wakaanza kunipa ushauri ambao sikuuomba. Nikageuza, tukarudi nyumbani polepole.

Nilifungua boneti kwa hasira. Kwanza nilishuku hewa ya wizi, ile inayopenya kwenye viungo visivyokazwa. Nikakaza kolie zote, zile pete za chuma zinazobana bomba. Gari likaendelea kukohoa. Nikapapasa bomba lote nikitafuta ufa, sikuupata. Ndipo nikafikia kapteri, kifaa kidogo cha umeme kinachopima hewa inayoingia ili injini ijue imwage mafuta kiasi gani. Nikachomoa waya wake huku injini ikiunguruma. Ikatulia mara moja. Nikajua kwamba kapteri ndiyo inayoidanganya injini. Nikazima, nikaichomoa yenyewe, na ule uzi wake mwembamba kama unywele ulikuwa umefunikwa na utando mweusi. Nikashika filta. Mkono wangu ukatoka umelowa oili.

Damu ilinichemka. Sikuwa nimetia hata tone. Nikawaza vijana wa kuosha magari, nikawaza muuza vipuri, na matusi ya Kifaransa niliyomwandalia huyo sitayaandika hapa.

"Nani ametia oili humu?" nikapiga kelele.

"Ni miye," baba akajibu kutoka kwenye kiti chake barazani.

Nikageuka. Koti la misa lilikuwa bado mwilini mwake.

"Siye ku Kambove, filtre ilikuwa inakalaka mu mafuta," akasema taratibu. "Vumbi yote inabakia mule. Ile yako iko wazi, mama, na njia ya Lukafu iko na vumbi mingi. Nikatia jana magaribi. Nilikuwa naogopa tusibakie mu njia."

Malori yake ya zamani kweli yalikuwa na bakuli la oili chini ya filta, ili vumbi linase humo. Hayakuwa na kapteri ya kuchafuliwa na oili hiyo. Baba, ambaye haoni vizuri, alikuwa amefungua boneti kwa kupapasa, akailowesha filta yangu nyekundu kwa oili nzito ya injini, akaifunga boneti, akaenda kupiga pasi koti. Kila kitu alikifanya ili tufike.

"Kama ni miye naharibisha, basi uende na taxi," akasema. "Umupeleke yaya salamu."

Hasira ikaniishia pale pale. Nilimwambia asivue koti lake, na kwamba yeye ndiye anayesafiri, mimi ni dereva tu.

Nikaitoa filta ile nikaitupa kwenye beseni. Kapteri niliipulizia dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, nikaiacha ikauke bila kuigusa. Bomba nikalifuta ndani kwa kitambaa. Sanduku jeusi likarudi mahali pake pamoja na filta yake ya karatasi. Injini ikawaka kwa sauti yake ya zamani, ndogo, ya gari la mwalimu.

Tulifika Lukafu jua likikaribia kuzama, tukiwa wekundu kwa vumbi mpaka kwenye nyusi. Shangazi alikuwa amekaa mkekani. Alimtazama baba usoni. Kisha akamnyooshea mikono yote miwili.

"Ulikuwa wapi?" akamgombeza.

"Nilikuwa mu njia, yaya."

Jioni ile hawakuachiana mikono. Walicheka mambo ambayo mimi sikuyaelewa, mengine kwa Kiluba.

Asubuhi baba alikuwa uani akinywa chai. Shangazi alinivuta karibu, akanionyesha baba kwa kidevu.

"Ule muzee ni wa nani?" akaniuliza.

Baba alikuwa amesikia. Akaweka kikombe chini.

"Uache, mama," akaniambia. "Jana alinijua."