Majina tisa ya timu ya Alunguli

Barua hii ilitufikia ikiwa imekunjwa mara nne. Jina la mwandishi tumelificha, na la mtu mwingine tumelibadilisha.

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata rafiki ninayekaa naye benchi moja, hata mama aliyenizaa. Karatasi iliyomfungisha mjomba wangu niliiandika mimi.

Nina miaka kumi na sita, nasoma ya nne sekondari hapa Kindu, na nyumbani ni Alunguli, ng'ambo ya mto. Ni mtu wa haya. Mwalimu akiniuliza kwa Kifaransa najua jibu lakini sauti haitoki, na kwa Kiswahili ni vilevile. Mjomba, ndugu ya mama, njo peke yake alikuwa hanichoki. Ni sekretere kwenye proje, mradi wa mpunga. Kila Jumamosi mchana, jenereta ikiwaka, alinifungulia chumba chenye ordinatere, yaani kompyuta, ya mzungu wa proje. Mzungu mwenyewe alikuwa amenionyesha mchezo wa kwao, besiboli: huyu anarusha mpira, yule anaupiga na rungu, halafu anakimbia. Kwenye mashine huchezi kwa miguu. Unaandika majina, unampa kila mtu alama za nguvu na za mbio, moja mpaka tisa, na mashine inawachezesha yenyewe. Mzungu alipokwenda likizo aliniachia kitabu cha maelezo.

Timu zilizokuwemo zilikuwa za Amerika, watu nisiowajua. Nikazifuta zote, nikatunga ligi yangu: Kindu, Alunguli, Pangi na Kibombo. Kila timu watu tisa, na wote walikuwa watu wa kweli, wanaonisalimia njiani. Amisi, mwenye mtumbwi, ambaye hunivusha bure nikichelewa shule, nilimpa mbio tisa. Jirani yetu anayeniita bubu nilimpa moja kila mahali. Mjomba nilimweka juu kabisa ya Alunguli: nguvu tisa, mbio tisa, kapiteni. Walicheza Jumamosi nne, na Alunguli ikachukua ubingwa. Nikaichapisha ligi nzima kwenye karatasi. Kumwambia mjomba asante kwa mdomo nilishindwa, basi nikaitia karatasi kwenye mfuko wake wa kazi, aikute mwenyewe, acheke.

Aliyeikuta ni askari, pale penye mitumbwi wanapopekua mifuko kutafuta barua za waasi.

Walimleta nyumbani saa tisa ya mchana, wakapindua vitanda vyote. Kisha sajini akasimama katikati ya nyumba na karatasi yangu mkononi.

"Njo nini hii?"

"Ni mchezo, shefu. Timu za mupira."

"Mupira." Akahesabu kwa kidole, pole pole, mpaka mwisho. "Tisa. Na hapa tisa. Mupira wa watu tisa unachezwa wapi, mzee? Mimi nimecheza mupira tangu utoto. Unaniona mie mujinga?" Wenzake wakacheka. "Iko watu Pangi, iko watu Kibombo, na wewe njo kapiteni. Munapanga nini?"

Mjomba haijui besiboli. Alikuwa akiniona tu nikicheza. Alitazama mlango wa jiko, nilipokuwa nimesimama, mara moja tu, halafu akatazama chini.

"Ni yangu, shefu. Niliandika mimi."

Kitako cha bunduki kikampata mdomoni. Jino liliruka mpaka karibu na mguu wangu. Wakamlaza kifudifudi, mmoja akamkalia miguu, mwingine akashika fimbo. Nilihesabu mpaka thelathini, kisha hesabu ikanipotea. Kwa kila fimbo maneno yalikuwa kooni: mchezo huo ni wa watu tisa, shefu, watu tisa. Hayakutoka.

Jioni walikwenda kwenye proje, wakaivunja ordinatere kwa viatu. Kesho yake wakaanza kuokota watu wa karatasi mmoja mmoja, na alama zangu wakazisoma kama vyeo. Jirani wa moja moja alipigwa makofi mawili, akarudi kula kwake. Amisi aliulizwa: "Mbio tisa? Basi wewe njo unapeleka barua zao." Wakampiga nyayo siku mbili. Sasa anakwenda chooni kwa magoti, na mtumbwi wake anausukuma mtu mwingine.

Kila siku mama anapeleka wali na sombe, majani ya muhogo, brigadi, kituo cha askari walikomfungia mjomba. Anarudi na shati la mjomba, analifua uani, na maji yanageuka mekundu. Kila siku anasema maneno yaleyale: "Aliyeandika karatasi ile, mikono yake ikauke." Na mimi njo namimina maji, kwa mikono hii hii.

Jana alirudi na salamu. "Mjomba yako anasema usome, usihangaike na kitu kingine." Mama aliona ni maneno ya kawaida. Mimi nilielewa. Jumatatu boti inashuka Ubundu, na kutoka kule mjomba na wafungwa wengine watapelekwa Kisangani. Wanaokwenda huko, hapa kwetu hatujui wanarudi lini.

Kitabu cha mzungu kiko chini ya godoro langu. Ukurasa wa nne una picha ya uwanja na watu wamesimama, wana namba, moja mpaka tisa. Nikikipeleka brigadi, labda sajini atahesabu tena. Labda atanilaza pale alipolala mjomba, na mjomba wasimwachie, awe amevunjika meno bure.

Wakubwa zangu mnaosoma ukurasa huu, mimi nifuate lipi? Niende na kitabu, au nimtii mjomba ninyamaze? Najua gazeti lenu halitatoka kabla ya Jumatatu. Nauliza hivyo hivyo, kwa sababu sina mwingine wa kumuuliza.

Siku kumi na moja, kila nikisikia mtu, naisukuma barua hii chini ya mkeka. Sasa nasikia kandambili za mama. Zimetoka uani, zimepita jiko. Nimekitoa kitabu, nimekifungua ukurasa wa nne, nimekiweka karibu na barua. Zimefika mlangoni. Safari hii barua sikuisukuma, iko wazi, na mikono yangu yote miwili iko juu ya meza.