Modeli wa Bi Zuhura

Kumbe nilipigwa picha ili watu waone gauni lisivaliwe vipi.

Jana Bi Zuhura, mwenye duka la nguo hapa Garsen, aliniomba nimvalie gauni jipya apige picha za kuweka Facebook. Jamani, nilifurahi! Nikaenda kusukwa kabisa.

Gauni likanibana. Zipu ya nyuma ikagoma katikati.

"Usijali, mgongo hauonekani," akasema. "Wewe cheka tu."

Nikacheka.

Leo asubuhi picha zimetoka mbili, zimeunganishwa. Kushoto mimi. Kulia msichana mwembamba, gauni lile lile, limemkaa sawasawa. Juu yangu kaandika: "Usivae hivi. Njoo tukupe saizi yako."

Nikaenda dukani mbio. Wateja wamejaa. Mmoja akaniangalia, akaangalia simu yake, akaziba mdomo.

"Bi Zuhura, si uliniambia mimi ni modeli?"

"Na ndiwe," akanijibu huku akikunja nguo. "Hawa wote umeniletea wewe. Hakuna anayetaka kufanana nawe."

Duka zima likacheka. Hata mimi, sijui kwa nini, nilitabasamu.

Nikatoka. Sijafika barabarani, simu ikalia. Mama, kutoka Kulesa. Mama yangu hajui kusoma.

"Mwanangu, nimekuona! Umependeza! Nimeshaituma kwenye grupu la kanisa, wakuone wote!"

Nikamwambia, "Asante, mama."

Niambieni ukweli. Nyinyi mngemwambia?