Mfuniko wa Sufuria ya Katibu

Katibu wa kijiji chetu cha Ujamaa kule Nyantakara hakujua lolote la maana, ila alijua kumfunga mtu kwa pua. Tukitoka kupalilia pamba ya kijiji, sufuria ya maharage ililetwa mbele ya mkutano, ikafunuliwa, ndipo akaanza kuhutubia. Nani angeondoka?

Nilikuwa nimehitimu baiolojia chuo kikuu, nikapangiwa kufundisha huko, na nilikuwa na vidonda vya tumbo. Mganga wa zahanati alinionya: nikitapika damu tena, yeye hana la kufanya, na magari ya kunipeleka Mwanza yamekwenda vitani.

Kwa hiyo badala ya hotuba nilisikiliza tumbo. Seli zinazotoa tindikali tumboni haziweki pampu zake kazini muda wote. Tumbo likipumzika, pampu hukaa ndani ya seli, kwenye vifuko vidogo. Harufu ya chakula ikifika puani, ubongo hutuma amri. Vifuko husogea hadi kwenye utando wa seli, huungana nao, na pampu huanza kusukuma nje ioni za haidrojeni na kuvuta ndani za potasiamu. Mlo ukiisha, seli huzirudisha pampu ndani. Hata seli haiiti mtu kazini kisha ikamhutubia.

Siku moja Katibu alihutubia kuhusu vita. Yeye, aliyeumwa mguu mgambo walipoandikishwa, akapona lori la kuwapeleka lilipoondoka!

"Wapiganaji wetu wanalala njaa," alisema. "Sisi tutashindwa kungoja?"

Tumbo liliwaka. Nikiomba chakula, nitaitwa mlafi. Nikitoka, msaliti. Nikikaa, damu. Baada ya kulipima hili mara nyingi kuliko lilivyostahili, nilichagua ombi dogo kabisa.

"Ndugu Katibu, naomba sufuria ifunikwe."

"Unaogopa nzi, Mwalimu?"

"Ni harufu. Inaita tindikali tumboni kabla ya chakula."

"Ndiyo mliyosomeshwa kwa jasho la wakulima? Kunusa?" Watu walicheka, naye akanogewa. "Haya, funikeni! Tumbo la bwana mkubwa lilale!"

Wakafunika. Harufu ikakatika. Mama mmoja wa mstari wa mbele alisimama, akakaza kanga.

"Kwangu kuna muhogo," alisema, akaenda zake. Jirani yake akamfuata, kisha benchi zima.

"Ndugu zangu, bado! Kidumu Chama!"

"Kidumu," nilijibu peke yangu. Nilikuwa mwoga mno kuondoka.

"Funua!" Katibu alimfokea mpishi. "Gawa! Gawa upesi!"

Watu waligeuka njiani. Mimi niliyebaki nilipata sahani ya kwanza. Maharage hayakuwa na chumvi, yalikuwa na mchanga. Niliyala yote, moto wa tumbo ukapungua, na damu haikuja.

Mkutano uliofuata sufuria ilikuwa mbele tena, wazi, na Katibu nyuma yake akisafisha koo. Hakuwa amejifunza kitu. Mimi nilifika nikiwa nimekwisha kula.