Mama wa Kuanzisha

Katika nyumba za polisi za Nsambya, Kampala, ambako nilizaliwa na kukulia, hakuna kitu kilichoruhusiwa kukaa uchi. Redio ilivaa kitambaa. Mtungi wa maji ulivaa kitambaa. Viti vilivaa vitambaa mgongoni na mikononi, na meza ilivaa kile kikubwa cha mduara, cheupe, chenye matundu matundu, ambacho mtoto akikimwagia chai alitamani kuhamia kwa shangazi. Chumba kilikuwa kimoja, watu tulikuwa saba, na baba alikuwa koplo wa kulinda lango. Lakini mgeni akiingia angedhani ameingia kwa kamishna, mradi tu asiinue kitambaa akaiona meza yenyewe.

Vitambaa hivyo vya mduara vilifumwa kwa sindano tano fupi zenye ncha pande zote mbili. Fundi baiskeli alizikata kutoka kwenye spoki na kuzinoa juu ya jiwe. Kufuma kwenyewe si shida, hata mtu mwenye usingizi anaweza. Shida ni kuanza. Kitambaa cha mduara hakianzii ukingoni kama sweta, kinaanzia katikati, kwa vitanzi vinane tu. Vitanzi vinane ukivigawa kwenye sindano nne, viwili viwili, huku ya tano ikifuma, vinakaa kama kuku waliofungwa miguu juu ya bodaboda, kila mmoja anatazama kwake. Ukigeuza kazi huku, sindano ya kule inachomoka, na yote uliyoyafanya yanarudi kuwa uzi.

Kwa sababu hiyo kambi yetu ilikuwa na desturi ambayo sijaiona mahali pengine popote: ilikuwa na mama wa kuanzisha, na mama huyo alikuwa mama yangu. Jumamosi mchana wanawake walikuja na uzi na sindano ndani ya kaveera, ule mfuko wa nailoni ambao Kampala hauishi. Mama aliwaanzishia katikati, akafuma mizunguko sita mpaka kazi ikalingana na kisosi, kisha mwenyewe akaichukua kwenda kuimalizia kwake. Hakuna aliyelipa. Mmoja alileta sukari kidogo, mwingine kipande cha sabuni, na wote walikaa mpaka jua lizame. Wengine walivaa rozari, wengine mitandio, lakini umbea ulikuwa wa dini moja.

Mimi sikujifunza. Mimi nilikuwa msomi. Nilipata cheti cha ukatibu, nikapata kazi ya kuchapa barua katika shule moja huko Mengo, na msimamo wangu ulikuwa kwamba mtu mwenye cheti akitaka kitambaa anakwenda soko la Owino kukinunua. Baba alipofariki na mama akalazimika kuiacha nyumba ya serikali, nilimchukua tukaishi wote katika vyumba viwili chini ya kilima, mwendo wa dakika kumi tu kutoka kambini. Nilidhani nimemchukua mama peke yake. Jumamosi ya kwanza wanawake tisa walifika na kaveera zao, wakajaza sebule yangu mpaka mimi nikakosa pa kukaa. Nikawa mpika chai wao kwa miaka kumi na mmoja, na sitadanganya kwamba niliipika kwa uso mkunjufu.

Mwaka juzi mikono ya mama ikaanza kutetemeka. Kwanza alilaumu uzi wa siku hizi. Kisha akalaumu balbu, nikabadilisha balbu, akalaumu sindano. Daktari alimpa vidonge na kusema ni umri, kana kwamba tulikuwa tumemwuliza ana miaka mingapi. Jumamosi moja mama akawaambia wageni waache kaveera zao, atawafanyia kwa nafasi. Jumamosi iliyofuata akasema hivyo hivyo.

Siku moja nikifagia chini ya kitanda chake nilizikuta kaveera saba. Sita zilikuwa na uzi ambao haujaguswa. Katika ile ya saba, uzi mweupe ulikuwa umegeuka kijivu kwenye ncha yake, urefu wa dhiraa moja hivi, kwa kuanzwa na kufumuliwa na kuanzwa tena. Niliumia. Nilikaa sakafuni na ufagio mkononi, nikaona wazi kinachokuja: cheo kile kikimtoka, mama yangu atakuwa bibi mmoja tu wa kukaa pembeni na redio.

Nikaamua kumwokoa bila yeye kujua. Ndivyo tulivyo sisi wenye vyeti, tukiona mtu amekwama hatumwulizi, tunamwandalia mpango.

Nilijifunza kwenye simu, saa ya chakula cha mchana, mlango wa ofisi nimeufunga. Njia ya kwanza niliyoiona ilikuwa ya kuweka vitanzi vyote vinane kwenye sindano moja, kisha kuvigawa. Ilionekana rahisi kwa sababu aliyekuwa akionyesha alikuwa na mikono ya mtu mwingine. Vyangu vilijisokota, na mduara ukatoka umepinda kama sikio la mbuzi. Nikaenda Owino kwa mama mmoja Mkenya anayeuza nyuzi, naye akanifundisha njia ya pili: unasuka mnyororo mdogo kwa sindano ya kulabu, unaufunga kuwa pete, kisha unachota vitanzi kutoka kwenye pete hiyo. Hii niliiweza siku hiyo hiyo. Ubaya wake ni kwamba katikati linabaki tundu la kupitisha kidole. Nilipomwonyesha, Mkenya yule hakushtuka hata kidogo, akaniambia niweke chombo cha maua juu ya tundu, nani ataona. Ndipo nilipoelewa kwa nini nusu ya meza za Kampala zina maua ya plastiki.

Njia ya tatu ndiyo iliyokuwa ya mama, ingawa sikujua hivyo wakati ule. Unazungusha uzi kwenye kidole kuwa pete, mkia wake unauacha uning'inie. Unapitisha sindano ndani ya pete, unachota kitanzi, unapiga uzi juu ya sindano, unarudi tena ndani ya pete, hivyo hivyo mpaka vitimie vinane. Unavigawa, unafuma mizunguko michache, kisha unavuta ule mkia polepole na tundu linajifunga lenyewe, hata jicho la sindano halionekani. Mara ya kwanza nilipouvuta ukafunga, nilipiga kofi juu ya meza mpaka mwalimu wa zamu akaja kuuliza kuna nini.

Baada ya wiki mbili nilikuwa naanza kitambaa kwa dakika tano. Nilichukua kaveera mbili mbili ndani ya mkoba wangu, nikazifanya mchana, na asubuhi nikipita kambini kwenda kazini niliwapa wenyewe langoni. Niliwaambia mama amemaliza, ila daktari anataka apumzike, kwa hiyo wasijisumbue kuja Jumamosi, kazi mpya wanipe mimi nimpelekee. Walizigeuza, wakazitazama katikati, wakasema mkono wa mama bado mzima. Nikavimba kichwa. Nilianza hata kuandika foleni kwenye daftari, nani atangulie na nani afuate, kama zahanati.

Sebule yangu ikatulia. Jumamosi nilikaa kwenye kiti changu mwenyewe, nikasoma gazeti mpaka matangazo ya vifo. Mama alioga mapema, akavaa gauni lake la Jumamosi, akakaa akielekea mlangoni. Chai aliyoitia kwenye chupa ilipoa humo humo. Jumamosi ya pili ikawa hivyo, na ya tatu. Ikafika mahali akaacha kubadilisha gauni, na chakula akawa anakigusa tu. Mimi nikasema ni ugonjwa. Nikaenda mjini nikamnunulia redio.

Miezi miwili ilipita hivyo. Kisha asubuhi moja nilimkabidhi kaveera yake mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, mke wa sajini, aliyemjua mama tangu mimi nikiwa tumboni. Alipoitoa kazi, sindano mbili zilichomoka na vitanzi vyote vikakimbia. Nikaomba radhi, nikasema nitairudisha kwa mama aianze upya. Yeye alikuwa ameshakaa kwenye jiwe la langoni. Akalowesha uzi midomoni, akauzungusha kwenye kidole na kuanza kuchota, huku akinieleza habari za mvua iliyong'oa bati la jikoni kwake. Alipofika kwenye bati la pili, vitanzi vinane vilikuwa vimekaa na mzunguko wa kwanza umekwisha. Dakika tano zangu hakuzihitaji.

Nilimwuliza alijifunzia wapi.

“Kwa mama yako,” akasema. “Sisi yote najua. Miaka mingi sana.”

Nikamwuliza, sasa miaka yote hiyo walikuwa wakimpelekea kaveera za nini. Alinitazama jinsi unavyomtazama mtoto wa mtu mwingine, yule usiyeruhusiwa kumchapa.

“Binti, wewe naweza kwenda kwa mtu Jumamosi yote, nakaa tu, bila sababu? Baba yako alikufa, mama alikuwa peke yake. Uzi ndiyo ilitupeleka. Sasa wewe nasema apumzike, sisi naogopa kumsumbua.”

Nilikwenda kazini. Nilichapa barua ya wazazi na kuweka tarehe ya mwaka uliopita, na mkuu wa shule akaitia saini bila kuiona. Jioni nilirudi nikamkuta mama kitandani, redio imezimwa, nikamweleza yote: kaveera, simu, lango, daftari. Moyoni nilikuwa nimeshajiandalia mahali pa kusamehewa. Nilitazamia atasema mwanangu, ulikuwa unanisaidia.

Aliinuka akaketi. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, mmoja umeushika mwingine.

“Mimi niliona kaveera inaisha chini ya kitanda,” akasema. “Nafikiri wenyewe alikuja kuchukua uzi yao, kwa sababu mkono yangu amekufa. Miezi mbili nafikiri watu amenichoka. Kumbe ni wewe.”

Hakupandisha sauti. Ningependelea apandishe. Niliomba msamaha, na nilipomaliza nikaona ule msamaha wenyewe umejaa maelezo, nikauomba tena kwa ufupi. Akaniambia nilete zilizobaki. Zilikuwa mbili ndani ya mkoba, zote nimeshazianza. Alizisogeza karibu na balbu, akatazama katikati, akapitisha ukucha mahali tundu lilipofungwa.

Akasema nimeanza vizuri. Kisha akachomoa sindano moja baada ya nyingine, akavuta uzi, na kazi yangu yote ikafumuka miguuni pake. Alinipa nyuzi nizikunje, na kesho yake nikapita langoni kuwaambia kwamba mama hajambo na anawasubiri.

Jumamosi walikuja kumi na wawili. Nilipika chai, nikakaa karibu na mlango wa jikoni. Mama alichukua kaveera ya mwenyekiti kwanza, akalowesha uzi, akauzungusha kwenye kidole. Mkono ukatetemeka, pete ikafunguka. Akaanza upya. Ikafunguka. Vidole vyangu viliwasha, nikavikalia. Wenzake hawakumtazama mikononi wala hawakugeuza nyuso. Mmoja alikuwa akieleza harusi ya mpwa wake na wengine wakimkatiza, na mama naye alimkatiza mara mbili, akacheka, kitanzi kikamponyoka, akakitafuta tena.

Jua lilipozama alikuwa amepata vitanzi vitatu. Mwenyekiti alivipokea, akachomeka kizibo kwenye kila ncha ya sindano ili vitanzi visianguke njiani, akaviweka juu kabisa ndani ya kaveera. Kisha akamwuliza mama kesho aje saa ngapi kwa ajili ya vile vitano vilivyobaki, kabla ya misa au baada yake.