Pilipili Zilizovishwa Shela

Mtaani wanamwita Fundi, na hakuna anayeuliza fundi wa nini. Cherehani yake imekaa barazani, na sketi za shule za nusu ya mtaa zimepita chini ya sindano yake. Ukimpelekea gauni linalobana, anakutazama mara moja tu, hana haja ya kupima, anakata, na gauni linakukaa kama ulizaliwa nalo. Lakini ukitaka kumjua yule mama sawasawa, usiishie barazani. Zunguka nyuma ya nyumba, kwenye makopo.

Makopo yenyewe ni ya rangi, yale makubwa, yametobolewa chini kwa msumari. Mumewe naye ni fundi, fundi rangi, ingawa jina hilo lilishachukuliwa na mkewe na yeye hajawahi kulidai. Kila akimaliza kupaka nyumba ya watu hurudi na kopo tupu mkononi, na kopo halilali tupu. Ndani ya kila moja kuna mpilipili, na Fundi anaijua tabia ya kila mmoja kama mwalimu anavyowajua watundu wa darasa lake.

Kuna pilipili ndefu, nyekundu, ambazo yeye huziita wafanyakazi: zinazaa bila kudeka, zinaanikwa, zinasagwa, hazina makuu. Kuna pilipili kichaa, ndogo, zimesimama wima kwenye matawi, ambazo anasema ni za wanaume wanaopenda kuonyeshana. Ndege wanazila wala hawakohoi, na wanaume hao hilo hawapendi kukumbushwa. Hoho hapandi kabisa. "Pilipili isiyowasha ni pambo," alimwambia wifi yake, dada wa mumewe, anayekaa nyumba ya jirani na ambaye bustani yake yote ni hoho.

Heshima yake yote, hata hivyo, ameiweka kwa pilipili mbuzi moja ya manjano, ya mviringo, iliyokunjamana. Mbegu alipewa na mama yake mzazi, na mama huyo aliitengeneza mwenyewe jikoni kwake, mwaka baada ya mwaka: anavunja pilipili, ananusa, yenye harufu nzuri zaidi anaitunzia mbegu, zilizobaki zinaingia kwenye mchuzi. Akapata pilipili inayonukia kwanza, kama tunda lililoiva, halafu inakusubiri kidogo, ndipo inakuuma. Mama amefariki, nyumba yake imeuzwa, vyombo wamegawana ndugu. Kitu cha mama alichobaki nacho Fundi ni ile mbegu, na hilo analisema waziwazi, haoni haya.

Sasa, pilipili zina kasoro moja: hazina msimamo. Nyuki akitoka kwenye ua la kichaa akaingia kwenye ua la mbuzi, tunda la msimu huo halibadiliki, ila mbegu iliyomo ndani imeshachanganyika, na msimu unaofuata unapanda mbuzi unavuna kiroja. Fundi alilitatua hilo kwa mabaki ya shela za maharusi. Alishona vifuko vya neti, vidogo, vizuri kuliko baadhi ya nguo ninazoziona watu wamevaa, akayavisha matawi kabla maua hayajafunguka. Kila asubuhi aliyatikisa kidogo ili chavua iangukie humo humo. Tunda likishika, kifuko kinatolewa, kikonyo kinafungwa uzi mwekundu, na hilo haligusi mtu.

"Wifi, sasa hata maua unayafanyia harusi?" aliuliza wifi yake.

"Haya nayazuia yasiolewe ovyo," alijibu Fundi.

Balaa lililetwa na usafi. Mumewe ni mtu anayepiga pasi soksi. Msimu uliopita, Fundi alipokwenda kumuuguza dada yake, mume alivitazama vile vifuko akaona vimejaa vumbi, roho ikamuuma. Akavifungua vyote, akavifua kwa sabuni, akavianika kambani, kisha akavirudisha kimoja kimoja pale pale vilipokuwa. Mkewe aliporudi alimwonyesha kazi yake huku anatabasamu. Fundi akaelewa palepale kwamba maua yalishinda wazi na nyuki walifanya yao. Akakaa juu ya kopo, akavitazama vifuko vilivyokuwa vyeupe pe. Hakumgombeza. Mtu aliyekufulia kwa mapenzi utamgombezaje?

Alitafuta mbegu za misimu ya nyuma, akazipanda, hazikuota. Ikabidi apande zile zile za msimu wa kufua, na kuomba Mungu kuwe na mti uliosalimika. Miche ikakua, ikazaa, yote matunda ya manjano, yote yamekunjamana, huwezi kusema upi ni upi. Wifi alionja tunda la mti mmoja akatimua mbio kutafuta maji. Mle ndani mlikuwa na kichaa. Kuitambua miti mingine ilikuwa kazi ya pua, na kwa pua Fundi hakuwa na mpinzani.

Ila pua hiyo haikuwapo tena. Homa iliyompata wakati wa baridi ilimwachia mwili ikaondoka na harufu zote. Hakumwambia mtu. Aliendelea kushona na kuwatania wateja, akitumaini itarudi, hadi siku maharage yalipoungua jikoni naye ameketi hapo hapo anachambua mboga. Mumewe ndiye aliyekuja mbio kutoka uani.

"Husikii hiyo harufu?"

"Sisikii kitu. Tangu ile homa." Akaweka mboga chini. "Ile ya mama inapotelea mikononi mwangu. Nikionja nasikia moto tu, na matunda yameshaanza kuoza mtini."

Mumewe akatazama uani, kwenye makopo. Huyu ni mtu asiyekula pilipili. Tangu waoane, mchuzi wake hupakuliwa kabla pilipili haijaingia, kwa sababu tumbo lake, anasema, halielewani nazo. Akaepua maharage, akanawa mikono, akachukua kisu, akatoka kwenda kwenye makopo.

"Baba watoto, unataka kufanya nini?"

"Kuonja."

"Wewe?"

"Vifuko alifua nani?"

Fundi akaanza kumwelekeza, kwamba harufu itangulie, kwamba asimeze haraka. Mumewe akamkatisha. "Usinieleze. Naijua." Fundi akadhani anajikaza tu, akaenda kumletea maziwa.

Mti wa kwanza ulimtoa mbio akazunguka ua mzima. "Si huu," alisema alipopata sauti. "Huu umeuma kabla ya kubisha hodi." Wa pili ulimtoa jasho hadi shati likamganda mgongoni. "Hauna harufu. Ni ugomvi mtupu." Fundi akamwambia yatosha, wapumzike, asije akaugua. Hakusikia la mtu. Akauendea ule ulio karibu na ukuta, akavunja tunda, akalinusa, asilitie mdomoni. Akalinusa tena. Kisha akauma, akafumba macho, akangoja, na machozi yakaanza kumshuka taratibu.

"Ndio huu."

"Una uhakika gani? Hujawahi kuila."

"Nimeila mara moja. Siku ile nilipokuja kwenu kuposa. Mama yako alinipakulia mwenyewe, wajomba zako wote wamenikodolea macho. Nilimaliza sahani, na maji sikugusa."

"Miaka yote hii mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungenipikia."

Fundi akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu kicheko kikakatika. Akalichukua lile tunda, akalipeleka puani, akavuta pumzi, hakupata kitu. Akamrudishia.

"Niambie basi. Inanukiaje?"

Mumewe anajua majina ya rangi zote zinazouzwa dukani, lakini maneno mengine si mengi kwake. Akanusa, akafikiri.

"Inanukia kwenu," akasema. "Mtu yuko mlangoni, na mama yako yuko ndani anapika."

Fundi akalia. Mumewe akanyoosha mkono amfute machozi, akakumbuka vidole vyake vimeshika nini, akaurudisha haraka. Akabaki amesimama mbele yake, mikono juu, naye uso wote umelowa.

"Jifute mwenyewe, mke wangu," akamwambia. "Mimi leo sifai kukushika."