Bibi Kebo hapigi windo

Saa tatu na robo asubuhi, Bibi Kebo yuko chini ya meza ya watu. Miguu yake miwili tu ndiyo inayoonekana, na kutoka huko chini anahoji kama hakimu. Ruta hii ya intaneti imewekwa lini? Nani amekihamisha kiti? Kompyuta ya chumba cha nyuma huwashwa na nani?

Wenye nyumba, dada na mdogo wake, wamesimama mlangoni wanajibu kwa zamu. Roho ziko juu. Saa sita fundi wa duka la kompyuta la barabarani anakuja kuichukua kompyuta ya sebuleni akaipige windo.

Kwa msomaji aliyebahatika kutolijua neno hilo, kupiga windo ni kufuta kila kilichomo kwenye kompyuta na kuuweka mfumo upya. Kwa mafundi wengi wa mitaani ndiyo dawa ya kila ugonjwa. Kompyuta ikiwa nzito, piga windo. Printa ikigoma, piga windo. Mteja akiuliza maswali mengi, basi hapo windo inapigwa haraka zaidi.

"Mimi sipigi windo," anasema Bibi Kebo akijitoa chini ya meza, vumbi limemjaa kwenye kitambaa cha kichwa. "Siku nikifuta vitu vya mtu kabla sijajua kosa, mniandike nimestaafu."

Dada hawa wawili wanadarizi nembo za sare za shule. Dada mtu huchora miundo kwenye kompyuta ya sebuleni, na humo imo kazi ya miaka kumi na moja. Mashine ya kudarizi iko chumba cha nyuma na kompyuta yake, na huko mdogo mtu alikuwa akiifungua miundo hiyo hiyo kupitia mtandao wa nyumbani, bila kunyanyuka kwenye kiti.

Wiki tatu zilizopita, kompyuta ya nyuma iliacha kuiona ya sebuleni. Intaneti ipo kotekote, video zinacheza vizuri tu, lakini folda ya miundo haionekani ng'o.

Wakaanza kubeba miundo kwa flashi. Siku ya nne flashi ikabeba muundo wa zamani, na sweta arobaini na mbili zikatoka na nembo ambayo shule iliiacha miaka miwili nyuma. Shule ikasema likitokea tena itatafuta watu wengine. Na Ijumaa hii inasubiri sweta mia tatu na kumi.

Fundi wa dukani aliitazama kompyuta dakika tano, akaahidi kuokoa atakachoweza. Dada mtu alipomuuliza habari ya asichoweza, alijibiwa kwamba kompyuta ni kompyuta. Usiku huo hakulala. Kulipokucha akamtafuta Bibi Kebo.

Jina hilo hakujipa mwenyewe. Ana miaka hamsini na minane, na kumi na tisa kati ya hiyo aliimaliza akiwa karani wa kuchapa. Fundi wa ofisi yao akiitwa Jumatatu alikuwa akifika Alhamisi, kwa hiyo karani akajifunza kuchomoa na kuchomeka mwenyewe. Ofisi ilipopunguza watu, walianza naye. Akaenda kuomba kazi kwenye duka lile lile la barabarani.

"Walinipa ufagio," anasema, wala hacheki. "Nikafagia miezi miwili. Mikono ilikuwa sakafuni, masikio yalikuwa mezani kwao."

Vijana wa dukani walimwita Bibi Kebo kwa kumkejeli, kwa sababu kila alipofagia aliuliza kebo hii inakwenda wapi. Siku aliyoondoka aliliandika jina hilo kwa kalamu ya wino mzito kwenye mkoba wake wa vifaa, na liko hapo hadi leo. Kwa wiki hupata nyumba nne, zikizidi sana tano, na zote anakwenda kwa miguu. Haijapona, hulipi.

"Hadi leo kuna watu wakinifungulia mlango wanatazama nyuma yangu," anasema. "Wanamtafuta fundi."

Anaanza kazi. Folda imeruhusiwa kuonekana na wengine, sawa. Majina ya kompyuta hayagongani, sawa. Kinga ya mfumo haijazuia kitu. Anaiamuru ya sebuleni iiite ya nyuma, nayo inaita mara nne bila kujibiwa.

Ndipo anapochukua karatasi na kuandika namba ambayo kila kompyuta imepewa na ruta. Anaziweka namba mbili sambamba, anazitazama, anaguna. Mwanzo wake haufanani.

"Hizi haziko mtaa mmoja," anasema.

Anakwenda chumba cha nyuma kutazama waifai. Ruta hiyo mpya, iliyofungwa wiki tatu zilizopita, inatoa mitandao miwili. Mmoja unaitwa Nyumbani, wa pili Wageni. Kompyuta ya sebuleni iko Nyumbani. Hii ya nyuma iko Wageni.

Anawaeleza kwamba ruta haina kosa. Mgeni anapewa intaneti, lakini hafunguliwi makabati ya ndani, ndivyo ilivyotengenezwa. Kisha anauliza ni nani aliyeiunganisha.

Mdogo mtu anatazama sakafu. Alihamia humu miezi minane iliyopita, ndoa yake ilipovunjika, akiwa na begi moja. Siku ruta ilipofungwa dada yake alikuwa shuleni kupeleka sweta. Paswedi ya Wageni ilibandikwa ukutani, ya Nyumbani ikawekwa kwenye droo ya dada.

"Nikaona yangu ni hii ya wageni," anasema taratibu. "Sikutaka kuomba ya ndani. Hapa mimi nimekaribishwa tu."

Bibi Kebo anajifanya kukunja waya ambao tayari umekunjwa. Anaijua hali hiyo ya kukaa mahali huku ukiona haya hata kuomba, maana miezi miwili ya ufagio ilimfundisha.

Dada mtu anakwenda kwenye droo, anarudi na kikaratasi, na hampi Bibi Kebo. Anakitia kiganjani mwa mdogo wake.

"Andika mwenyewe," anamwambia. "Mgeni gani anaosha masufuria miezi minane?"

Mdogo mtu anaandika huku machozi yanamtoka. Anakosea mara mbili. Mara ya tatu inakubali, na folda ya miundo inatokea na vyote vilivyomo. Dada mtu anataka Wageni ufutwe kabisa, aliuchukia dakika ile ile. Bibi Kebo anakataa, anasema wageni watakuja, wa kutolewa kwenye mtandao huo ni huyu mmoja tu.

Saa sita kasoro, fundi wa dukani anaingia na begi lake na kuikuta mashine inadarizi. Anaelezwa, anatabasamu nusu.

"Ungepiga windo tu, bibi. Ingekubali."

"Ingekubali, kwa sababu ungeziunganisha upya kompyuta zote mbili, mtandao mmoja," anamjibu. "Wangekushukuru, na miaka yao kumi na moja imekwenda na maji. Uliwauliza nani aliunganisha?"

Kijana anasema wao huangalia mashine. Bibi Kebo anamwambia kazi ni kuwauliza watu, kisha anamfungulia mlango. Begi linaondoka jepesi kama lilivyokuja.

Mwezi ujao Bibi Kebo anapanga chumba chake mwenyewe cha kazi, mlango unatazamana na duka lile. Anasema amefanya makusudi. Atafundisha ufundi huu, na wa kwanza watakuwa wanawake wawili wanaofagia dukani humo sasa hivi, ameshaongea nao.

Dada wamejitolea kumdarizia kitambaa cha mlangoni. Wanamuuliza waandike Bibi Kebo?

"Andikeni Fundi," anasema, mkoba uko begani. "Neno moja tu, na liwe kubwa. Asiwepo tena wa kutazama nyuma yangu."